Mrija usio na ubongo: kwa unayeanza kazi ya vipokezi

Wiki ya sita tangu nianze kazi ya maabara nilichora grafu ya jinsi dawa inavyoshika ubongo wa panya, ambayo sijawahi kuipata nzuri namna ile tena. Mstari ulipanda, ukapinda taratibu, ukatulia juu, vilevile kama kitabuni. Nikaipeleka kwa msimamizi wangu nikitembea kwa madaha. Akaiangalia, akauliza: "Na bila ubongo?"

Sikumwelewa. Akafafanua: bafa ileile (yale maji yanayotuliza kiwango cha asidi), dawa ileile yenye mionzi, muda uleule, ila kwenye mrija usiweke ubongo. Chujio linasoma ngapi? Sikuwa nimejaribu. Kesho yake nikajaribu, na grafu ikatoka pacha wa ile ya jana. Wiki sita nzima nilikuwa nimepima, tena kwa uangalifu mkubwa, jinsi dawa inavyonata kwenye chujio.

Nakuandikia wewe unayeanza ili kosa lako la kwanza liwe jingine.

Kazi yenyewe, ukiivua maneno makubwa, ni hii. Seli za neva huzungumza kwa kumwagiana kemikali: dopamini, serotonini, asetilikolini, GABA na nyinginezo. Upande wa pili kuna protini zilizopachikwa kwenye utando wa seli. Hizo ndizo vipokezi, na kemikali ikishika hapo ujumbe umefika. Kipokezi hukioni kwa macho wala kwa darubini ya kawaida. Kwa hiyo tunachukua dawa inayokipenda, tunaitia tritiamu, yaani hidrojeni yenye mionzi, badala ya baadhi ya hidrojeni zake ili itoe mionzi, kisha tunaichanganya na ubongo wa panya uliosagwa kwenye bafa baridi ukawa uji mwepesi. Muda ukitimia tunauvuta mchanganyiko kupitia chujio la nyuzi za kioo. Utando unabaki juu pamoja na dawa iliyoushika. Dawa iliyo huru inapita na maji. Chujio linaingia kwenye kichupa, kichupa kinaingia kwenye mashine ya kuhesabu, na wewe unabaki na tarakimu za kukunyima usingizi.

Shuleni tulifundishwa mfano wa kufuli na ufunguo. Kwa kazi hii uweke pembeni, maana unakufanya udhani dawa ikiingia imeingia. Mimi hufikiria daladala. Vipokezi ni viti. Abiria wanapanda na kushuka muda wote, na ukichungulia wakati wowote utakuta idadi fulani imekaa. Abiria wakiongezeka kituoni viti vinajaa, na vikishajaa vimejaa. Lakini unazijua daladala zetu: wapo waliosimama, wapo wanaoning'inia mlangoni, na hao hawana kikomo, kadiri kituo kinavyofurika ndivyo wanavyozidi. Mashine ya kuhesabu haijui nani kakaa na nani kaning'inia. Yenyewe inahesabu vichwa tu.

Ndiyo maana kila jaribio lina mirija ya aina mbili. Ya kwanza ina dawa yenye mionzi peke yake. Ya pili ina dawa hiyohiyo pamoja na nyingine isiyo na mionzi, inayopenda viti vilevile, tena kwa wingi wa kuvimaliza vyote. Mionzi utakayoisoma kwenye mirija ya pili ni ya wanaoning'inia. Unatoa, na tofauti ndiyo viti. Hapa sasa nisikilize vizuri: dawa ya kuzibia viti isiwe ya ukoo mmoja na ile yenye mionzi. Zikiwa ndugu zitagombania hata chujio, na ugomvi huo utausoma kama kipokezi. Mimi niliingia mkenge hapo hapo. Dawa yangu ya kuzibia ilikuwa ni ileile iliyotiwa mionzi, ila isiyo na mionzi. Tiba ilikuwa rahisi hata ikanitia aibu: chujio linaloweshwa kwanza kwenye polietilenimini, kemikali yenye chaji chanya inayokifunika kioo, kwa sababu dawa nyingi za aina ile zina chaji chanya na kioo kinazivuta. Na mrija usio na ubongo uwepo siku zote, hata ukiwa na haraka, hata ukiwa umeifanya kazi hii miaka 10.

Usidhani haya ni ya wanagenzi tu. Mwaka 1971 Avram Goldstein na wenzake kule Stanford walitafuta kipokezi cha dawa za jamii ya morfini kwa hila nzuri sana. Walichukua levorfanoli na dekstrorfani, molekuli mbili zenye atomi zilezile, moja ikiwa taswira ya mwenzake kwenye kioo, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Ya kwanza inaondoa maumivu kama morfini, ya pili haifanyi hivyo. Kipokezi cha kweli lazima kizitofautishe; uchafu, chujio na mafuta ya ubongo havijali mkono. Mbinu ilikuwa sahihi, lakini katika dawa yote iliyonata, iliyojali mkono ilikuwa kama asilimia 2 tu. Viti vichache, waning'iniaji tele.

Miaka miwili baadaye Candace Pert, akiwa bado mwanafunzi, na Solomon Snyder wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, walitumia naloksoni, dawa inayozuia morfini isikae, yenye tritiamu ya nguvu, kwa kiasi kidogo sana, wakachuja na kuosha haraka kwa bafa baridi. Kipokezi kikajitokeza. Mwaka huohuo wa 1973 Eric Simon wa New York na Lars Terenius wa Uppsala, Sweden, nao walitoa matokeo yao. Wanaoanza hukariri majina na tarehe, wakaruka cha maana. Walimwengu hawakushawishika kwa sababu ya uzuri wa mkunjo wa grafu. Walishawishika kwa sababu dawa zilishindana kwenye mrija kwa mpangilio uleule wa nguvu zake mwilini, na kwa sababu kipokezi kilipatikana kwenye tishu za neva tu, ubongo na utumbo wenye neva zake. Hivyo ndivyo unavyokiuliza kitambulisho kitu usichoweza kukiona. Snyder na wenzake walirudia hoja hiyo 1976 kwenye dawa za ugonjwa wa akili: haloperidoli, ambayo mgonjwa hupewa kwa miligramu chache, inashika vipokezi vya dopamini kwa nguvu zaidi kuliko kloropromazini, inayotolewa kwa mamia ya miligramu. Kipimo cha wodini na kipimo cha mrijani vilikwenda sambamba.

Tuje kwenye saa, maana hapa ndipo wengi wanaharibu bila kujua. Kd ni kiasi cha dawa ambacho nusu ya viti inakuwa na watu. Chukua dawa yenye Kd ya nanomola 1 (sehemu ya bilioni ya mola katika lita), ikipanda kwa kasi ya milioni moja kwa kila mola kwa sekunde. Piga hesabu: nusu ya waliokaa hushuka kwa dakika 11 na nusu hivi. Ya nanomola 10, kama sekunde 70. Ya nanomola 100, sekunde 7. Wewe kuosha chujio kunakuchukua sekunde ngapi? Jipime kwa saa, usikadirie; mimi nilikuwa nasema "kama tano" kumbe ni 14. Ukiwa na dawa ya nanomola 100, ukiosha kwa sekunde 14 robo tatu ya abiria wameshashuka, nawe utaandika kwenye daftari kwamba hakuna kipokezi. Bafa ya kuoshea iwe kwenye barafu, siyo "imetoka kwenye friji asubuhi". Baridi ndiyo inayowakalisha abiria.

Upande wa pili wa saa hiyo ni kungoja. Watu huacha mirija dakika 30 kwa sababu waliomtangulia waliacha dakika 30. Mirija yenye dawa kidogo ndiyo inayochelewa kutulia kuliko yote, kwa kuwa abiria wenyewe ni wa kuhesabika. Ukichuja mapema, pointi za chini zitasoma pungufu na Kd yako itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Tumia siku nzima kupima muda kabla hujapima kitu kingine chochote. Utaona ni siku iliyopotea, sivyo.

Bafa usiazime. Nilipopata mori wa kazi, jioni moja bafa yangu iliisha, nikachota ya jirani wa meza ya pili. Ilikuwa na chumvi ya kawaida, ya kwangu haikuwa nayo. Siku hiyo morfini ikawa dhaifu ghafla na naloksoni ikabaki ngangari. Nikadhani nimevumbua kitu. Kumbe Pert na Snyder walishalionyesha zamani: sodiamu inapunguza mshiko wa dawa zinazoamsha kipokezi cha afyuni, yaani kilekile cha morfini, lakini haiwapunguzii wapinzani wake kama naloksoni. Baadaye nikaja kuipenda ile chumvi, kwa sababu inakupa dokezo kama dawa mpya inaamsha au inaziba kabla hujaijaribu kwa mnyama. Lakini dokezo lina faida pale tu ukijua chumvi imo.

Kuhusu tritiamu kwa ufupi: mionzi yake ni dhaifu, haivuki ngozi, na kifaa cha Geiger kinachokwaruza kwenye sinema hakiisikii kabisa. Watu wanalegea kwa sababu hiyo. Meza unaipangusa kwa kipande cha karatasi, karatasi unaihesabu kwenye mashine kama chujio, unaandika. Nusu-uhai wake ni miaka 12.3, kwa hiyo tone ulilodondosha leo litamkuta mwanafunzi wa mwanafunzi wako.

La mwisho ndilo linalotoka maabara na kwenda mitaani. Kukaa kwenye kiti si kuendesha gari. Mrija wako unakwambia nani kashika, kwa nguvu gani, basi. Haukwambii kafanya nini. Morfini inakaa na ujumbe unapita. Naloksoni inakaa kwenye kiti kilekile, imara zaidi, na haifanyi lolote zaidi ya kumzuia mwingine asikae. Hapa kwetu hili si la vitabuni tena tangu 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni, dawa inayokaa kwenye viti vilevile vya morfini, kwa walioathirika na heroini. Mtu aliyezidisha methadoni akapoteza fahamu, pumzi zikahesabika, akichomwa naloksoni anazinduka ndani ya dakika chache. Anauliza yuko wapi, anaomba maji, anatafuta viatu. Lakini naloksoni inafanya kazi saa moja, pengine na nusu, kisha mwili unaiondoa, wakati methadoni inadumu siku nzima na zaidi, bado iko kituoni inasubiri viti. Ndugu zake watasema ameshapona, wamrudishe nyumbani. Asiondoke.