Andika jina lako kwenye bahasha

Juma lililopita nilipata ujumbe wa kijana mmoja ambaye amekuwa akinisoma kwa muda. Alianza na "Shikamoo dada", kisha akamwaga yote kwa mkupuo. Alimpiga picha kereng'ende wa buluu kando ya kijito, na ana hakika spishi hiyo haijawahi kuandikwa mahali pale. Picha aliwatumia wataalamu wanne. Watatu kimya, wa nne kajibu kwa sentensi moja: "Kwa picha hii hatambuliki." Mwisho akauliza, "Dada, hawa watu wanatutaka kweli watu kama sisi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu, na kila nikifika kwenye jibu lile moyo unanipiga, maana langu lilikuwa fupi zaidi.

Wangu alikuwa dume wa jenasi ya Orthetrum, mwenye ule unga wa buluu tumboni kama aliyepakwa majivu. Nilimkamata, nikampiga picha moja kwa juu, nikamwachia akaruka. Usiku ule nikamwandikia msomi mmoja mkubwa barua pepe ya kurasa mbili: nilianzaje kuwapenda wadudu hawa, nimesoma nini, ninaota nini. Jibu likaja baada ya wiki tatu, bila salamu: "Ulitazama hamuli?" Basi. Nililia, na kwa miezi minne sikugusa wavu.

Sikuwa hata najua hamuli ni nini. Kereng'ende dume ana viungo vya uzazi vya ziada chini ya pingili ya pili ya tumbo, karibu na kifua, na hapo ndipo zilipo zile kulabu ndogo ziitwazo hamuli. Katika Orthetrum rangi inadanganya sana. Dume mchanga huwa wa njano na kahawia kama jike, na buluu humjia anapokomaa, hivyo spishi mbili zikiiva zinaweza kufanana kama mapacha. Wageuze chali, shika lenzi ya kukuza mara kumi, na utaona kulabu za huyu na za yule ni vitu viwili tofauti kabisa. Picha yangu ya mgongoni, hata ingekuwa nzuri namna gani, isingeweza kumwambia yule bwana chochote. Leo najua kwamba kwa maneno yale mawili alinipa somo zima. Angeweza kunipa na salamu, lakini somo alinipa.

Kwa hiyo nikajifunza kukusanya. Kwanza kibali, hilo halina mjadala. Halafu wavu, bahasha za karatasi laini, na subira. Mdudu hukaa kwanza kwenye bahasha mabawa yakiwa yamekunjwa juu ya mgongo, atoe uchafu wa tumboni. Baadaye anazamishwa kwenye asetoni usiku kucha ili mafuta yatoke na rangi zisioze zikawa nyeusi, ndipo anaanikwa. Mguu mmoja nauweka kwenye alkoholi kwa ajili ya DNA. Na kwenye kila bahasha naandika mahali, vipimo vya GPS, tarehe, aina ya maji.

Jina langu sikuliandika. Niliona ni majivuno.

Hapo ndipo kidonda changu kilipo, na sitaficha kwamba hakijapona. Mtafiti mmoja alipita, akaona mkusanyo wangu, akausifu sana, akaomba aondoke nao akaulinganishe na vielelezo vya makumbusho, yaani wadudu waliohifadhiwa huko. Nilimpa bahasha 41. Nilimpa kwa furaha! Miaka miwili baadaye makala yake ikatoka, na saba kati ya vielelezo vyangu vilikuwa ndani, tarehe zangu, vijito vyangu, na mbele ya neno mkusanyaji pameandikwa "hajulikani". Mtu huyu alikuwa na namba yangu ya simu. Nilipomuuliza alijibu kwamba lebo hazikuwa na jina. Kwa kanuni za kazi alikuwa sahihi, na kwa utu alinikosea.

Basi, mdogo wangu, ushauri wangu wa kwanza na wa pili na wa tatu ni huohuo: andika jina lako kwenye bahasha, siku ileile, kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye asetoni. Hayo si majivuno. Mkusanyaji ni sehemu ya data kama ilivyo tarehe, maana ndiye atakayeulizwa mahali penyewe ni wapi. Kuna kereng'ende anayejulikana kutoka Amani tu, katika milima ya Usambara Mashariki, na leo yuko ukingoni mwa kutoweka. Elliot Pinhey, mtaalamu wa wadudu, alipomweleza mwaka 1962 alimwita Amanipodagrion gilliesi, kwa heshima ya Gillies, ambaye kazi yake hasa ilikuwa mbu wa malaria. Hakuwa mtu wa kereng'ende, lakini jina lake limo katika jina la mdudu huyo mpaka leo.

Sasa nikwambie habari njema. Mwezi uliopita ripoti yangu ya kwanza ilikubaliwa na jarida. Ni kurasa nne, na nimezichapisha kwenye karatasi ili nizishike mkononi.

Haikupita kirahisi. Safari hii nilikuwa na vielelezo, hamuli zimechorwa, majina yamekaa sawa. Lakini mhakiki wa jarida aliuliza: una uthibitisho gani kwamba kereng'ende huyu anazaliana hapo ulipomkamata? Nilikasirika, kisha nikatulia, kwa sababu swali ni la haki. Kereng'ende ni msafiri. Charles Anderson, mtaalamu wa viumbe vya bahari aliyeishi Maldives, aliwaona kila mwaka, kuanzia Oktoba, wakitua kwa makundi kwenye visiwa ambavyo karibu havina maji baridi juu ya ardhi. Akawa anaandika tarehe zao mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2009 akachapisha hoja kwamba Pantala flavescens, mdudu asiyefika urefu wa kidole, anavuka Bahari ya Hindi kutoka India hadi Afrika Mashariki. Mdudu wa namna hiyo ukimkuta bwawani, umejua tu kwamba yupo leo. Kinachothibitisha kwamba alizaliwa hapo ni gamba, ile ngozi tupu anayoivua kiluwiluwi wake anapogeuka kuwa kereng'ende.

Miezi iliyofuata siisimulii, ilikuwa mbu na matope. Nikusimulie alfajiri moja. Kiluwiluwi alipanda unyasi uliosimama majini, akaukamata, akatulia. Mgongo ukapasuka. Kichwa kikatoka, kifua, miguu, kisha akajilaza kinyumenyume akining'inia kichwa chini kwa karibu nusu saa, nikadhani amekufa. Ghafla akajikunja juu, akalishika gamba lake mwenyewe, akachomoa tumbo. Mabawa yalikuwa kama karatasi iliyolowa na kufinyangwa. Yakajaa polepole mbele ya macho yangu, meupe ya maziwa, kisha ya kioo. Alipoondoka nililichukua lile gamba tupu. Ndani zilibaki nyuzi nyeupe, zile ngozi za njia zake za hewa, na ule mdomo wa chini unaokunjwa, ambao wataalamu huutumia kumtambua, ulikuwa mzima. Niliweka magamba 23 kwenye visanduku vya kiberiti. Mhakiki hakuuliza tena.

Unauliza kama wanatutaka. Jamii hii ni ndogo na kazi ni kubwa. Mwaka 2015 Dijkstra, mtaalamu wa kereng'ende, na wenzake wawili walieleza spishi mpya 60 za kereng'ende wa Afrika katika makala moja. Mwaka 2021 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, ilitangaza kwamba kati ya spishi 6,016 za kereng'ende zilizopimwa duniani, asilimia 16 zimo hatarini kutoweka. Watu wachache hawawezi kukaa kwenye kila kijito. Wanatuhitaji, hata wasipojua kulisema kwa upole. Kwa hiyo acheni kulalamika kwamba wakubwa hawajibu, ninyi nyote mnaoniandikia! Barua yenye kielelezo, lebo na swali moja hujibiwa. Na ukiombwa mkusanyo wako, kubalianeni kwa maandishi kabla bahasha ya kwanza haijatoka mkononi.

Kuhusu yule wako wa buluu: rudi kijitoni saa ambayo jua limepanda, ndipo madume hushika maeneo yao. Ukiwa na kibali, mkamate mmoja, mgeuze chali, piga picha ya pingili ya pili kwa ubavuni, karibu kadiri kamera itakavyokuruhusu. Tazama na majani ya ukingoni, huenda gamba lake bado limening'inia. Nitumie vyote viwili, na bahasha iwe na jina lako.