Muulize Shangazi: Bangili zangu zilirudi mfukoni

Shikamoo Shangazi. Naishi Pasua, Moshi, nauza vitumbua. Mume wangu alifariki 2021. Jirani yangu ni Mtamil kutoka Madurai, kusini mwa India, tumezoeana hadi mwanangu wa mwisho anashinda kwake. Mimba yake ilipofika miezi saba walimfanyia sherehe ya kuvishwa bangili, nami nikanunua zangu mbili Mbuyuni. Zamu yangu ya kumvisha ilipofika, mama mkwe wake akanishika mkono kwa upole, akaniambia nikae tu, nile. Na jirani huyohuyo kila siku huniambia mwanamke ndiye mwenye nguvu! Nguvu gani hiyo?
Mama Vitumbua, Pasua

Marahaba mwanangu, na pole. Nilisoma uuguzi hukohuko Madurai miaka mitatu, na jambo hilo lilinikaba koo hata mimi nisiye mjane.

Jirani yako hakudanganyi. Nguvu hiyo wanaiita sakti, na ni ya kike. Hekalu kubwa la Madurai lina mungu mke Meenakshi na mumewe Sundareswarar, lakini watu wanalijua kwa jina la mke. Kwa binadamu, nguvu hiyo hutunzwa kwa uaminifu wa ndoa, karpu, na husemwa ndiyo inayomkinga mume. Mke ambaye mumewe yu hai ni sumangali, mtu wa heri, ndiyo maana mkono wake hutafutwa siku ya bangili. Sasa mume akifa, kinga ilikuwa ya nani? Unaona mzigo unapoangukia. Mama mwenye nyumba wangu, mjane, aliamka alfajiri kupika wali wa ndimu na wa ukwaju kwa sherehe ya binti yake wa kumzaa. Bangili zilipoanza kuvishwa, akasimama mlango wa jikoni. Hakuna aliyemfukuza! Alijiondoa mwenyewe, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Halafu watu haohao wanamtukuza Kannagi, mwanamke wa hadithi yao ya kale. Mumewe, Kovalan, aliuawa kwa kusingiziwa wizi wa kikuku cha malkia. Kannagi akaenda kwa mfalme, akakivunja kikuku chake mwenyewe, alichokutwa nacho mumewe: ndani mkatoka rubi, na cha malkia kilikuwa na lulu. Kisha akauchoma mji wa Madurai. Sanamu yake iko ufukwe wa Marina, Chennai, kikuku mkononi. Hesabu vizuri, mwanangu: alipouchoma mji alikuwa tayari mjane.

Yule mama mkwe hakukudharau, alimhofia mtoto. Ila usijifanye hukuumia. Mvizie jirani asubuhi akiwa peke yake, anapochora kolam, lile pambo lake la unga wa mchele, mlangoni. Mwambie ulivyojisikia, mpe bangili zako, kisha mwombe akusimulie habari za Kannagi. Si familia zote za Kitamil zinazowaweka wajane kando siku hizi, huenda naye ana neno. Beba na vitumbua. Kwao kuna paniyaram, hupikwa kwenye chuma cha mashimo kama chako; atacheka akiviona.