Kitufe cha kulipia kinachojificha kwenye iPhone

Ndugu, umeuliza kwa nini kitufe cha kulipia kwenye tovuti ya duka lako la Kariakoo huonekana kwenye kompyuta lakini hujificha chini ya skrini ya iPhone. Chanzo ni kipimo cha 100vh (kimo cha skrini nzima katika CSS, yaani msimbo wa mwonekano wa tovuti), ambacho Safari, kivinjari cha iPhone, hukihesabu kana kwamba upau wa anwani umekwisha kujikunja, hivyo ukurasa unapofunguka huwa mrefu kuliko sehemu inayoonekana. Usiuondoe mstari wa height: 100vh, ila chini yake ongeza height: 100svh, yaani kimo cha sehemu inayoonekana upau ukiwa haujajikunja; kivinjari cha zamani kitaupuuza tu mstari huo wa pili. Safari ilianza kukitambua kipimo hiki katika toleo la 15.4, na Chrome katika toleo la 108, yote mwaka 2022. Wengi watakushauri 100dvh, lakini hicho hubadilika kila upau unapojikunja, na mimi sipendi kitufe cha malipo kinachohamahama.