Mdogo wangu amekiri, wakili anasema tuandae mitigesheni

SWALI: Habari za kazi dada, mi nipo Mbalizi hapa Mbeya. Mdogo wangu kashtakiwa kuiba magunia mawili ya viazi kwenye ghala la bosi wake kule Uyole, kakiri na viazi vimerudishwa. Sasa wakili anasema tuandae mitigesheni. Ndo utetezi au? Jirani anasema dogo alie tu mbele ya hakimu atamwonea huruma.

JIBU: Pole sana kaka. Hapana sio utetezi, utetezi unatolewa kabla mtu hajatiwa hatiani. Mitigesheni inakuja baada ya hapo, hakimu anamuuliza mwendesha mashtaka kama kuna rekodi ya makosa ya nyuma, halafu anamgeukia mdogo wako, una lolote la kusema kabla sijatoa adhabu? Hapo anaomba apunguziwe, na hapo ndo wengi wanaharibu, mtu kakiri halafu anaanza "mheshimiwa kusema kweli sikuchukua mimi", hakimu anaweza kulazimika kuandika kwamba amekana na kesi ikaanza kusikilizwa.

Machozi hayakatazwi ila hakimu anataka sababu. Aseme ni kosa lake la kwanza, amekiri bila kuisumbua mahakama, viazi vyote vimerudi, amekaa mahabusu muda gani, nani anamtegemea. Kama ana watoto nendeni na vyeti vyao vya kuzaliwa, kama mama anaumwa bebeni kadi ya kliniki, maana maneno matupu mahakama inayasikia kila siku. Akisikilizwa vizuri anaweza kupata faini, kifungo cha nje au huduma kwa jamii badala ya kwenda gereza la Ruanda.

Lakini kaka usije ukadhani inafuta kosa, hatia inabaki palepale. Na yapo makosa ambayo sheria imeshaweka kiwango cha chini, mfano unyang'anyi wa kutumia silaha ni miaka 30, hapo hata useme nini hakimu hawezi kushuka chini yake. Kesi ya mdogo wako haipo huko.

Adhabu ikiwa kubwa msikae kimya, kama kesi ipo Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, kusudio la kukata rufaa linatolewa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, inaenda Mahakama Kuu. Ila kwa kuwa amekiri mwenyewe, kwa kawaida atakachoweza kulalamikia ni ukubwa wa adhabu au uhalali wake tu, kwahiyo hayo maelezo yaandaeni sasa hivi mkiwa na wakili.