Kwa wadogo zangu mnaokabidhiwa kitabu cha kyu

Maonyesho ya setibuku, vile vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa shuleni, yameanza tena na makosa ni yale yale. Vikundi vinatoka Nakuru na Kisumu kwenda Vihiga, Kakamega na Bungoma, shule moja asubuhi, nyingine alasiri, na karibu kila kikundi kina meneja wa jukwaa mpya aliyepewa jana yake kitabu cha kyu, yaani skripti yenye ishara za lini taa na sauti zibadilike. Bidii yenu tunaiona. Mnavuta nyaya, mnabeba meza, mnatafuta kiatu kilichopotea. Kisha mchezo unaanza na hakuna anayejua amri inatoka kwa nani. Kubeba mizigo kunasaidia, lakini onyesho linawahitaji mkiwa mmeketi na kitabu kimefunguliwa.

1. Kitabu ni cha kikundi. Ukiugua usiku huu, mwenzako akifungue na aendeshe onyesho bila kukupigia simu. Chapa skripti upande mmoja wa karatasi, maneno yakae kulia na ukurasa mtupu wa kushoto ubebe kyu na mienendo ya waigizaji jukwaani. Tumia penseli, maana mwelekezi atabadilisha mambo hadi asubuhi ya onyesho. Kyu za taa zipe namba, za sauti zipe herufi, ili “taa 6” na “sauti F” zisichanganywe na sikio lililochoka. Kyu mpya ikiingia kati ya 14 na 15, iite 14.5. Usipange namba upya. Fundi wa taa ameshazihifadhi kwenye meza yake, ile mashine ya kuendeshea taa.

2. Kushoto ya jukwaa ni kushoto ya mwigizaji anayetazama hadhira. Ishike hiyo kabla hujaandika mwendo wowote.

3. Kuita kyu. Hapa ndipo maonyesho yanapovunjika, kwa hiyo tukae hapa.

Anayeanza huupenda mchezo. Anaujua kwa moyo, basi anainua macho kitabuni na kuutazama kama hadhira. Neno la kyu linatamkwa, anashtuka, anasema upesi: “Nenda taa 14!” Fundi amesikia “nenda” kabla ya kusikia namba, na kidole kilichokuwa juu ya kitufe kimeshabonyeza. Lakini iliyokuwa ikingoja kwenye meza ni 13, kwa sababu 13 ilisahaulika ukurasa uliopita. Mama anayelia kaburini anamulikwa na taa za harusi. Fundi anajaribu kurekebisha, anabonyeza mara mbili, sasa yuko mbele kwa hatua moja. Sauti nayo inamfuata taa. Tendo zima linakwenda kombo, na waigizaji ndio wanaochekwa.

Kosa hilo halikuzaliwa kwenye 14. Lilizaliwa pale ambapo hapakuwa na stendibai, yaani onyo la kumwambia fundi ajiandae. Nusu dakika hivi kabla ya kyu, sema: “Stendibai taa 13 na sauti F.” Ngoja kila fundi ajibu, “Taa stendibai,” “Sauti stendibai.” Asiyejibu mwite tena, kwa maana kimya chake huenda kinamaanisha amevua vifaa vya masikioni. Baada ya hapo hakuna maongezi. Kisha: “Taa 13,” pumzi moja, “nenda.” Neno la amri huja mwisho, siku zote, kwa sababu mkono unalingoja hilo tu. Na likishakuwa neno la amri, usilitumie kwa jambo jingine. Mtu akitaka kwenda msalani mwambie “toka.”

Tena, andika kyu mahali unapotakiwa kusema, si mahali taa inapomalizia. Ikiwa mwanga ufifie kwa sekunde 5 na giza likamilike kwenye neno “kwaheri,” amri inatoka zaidi ya sekunde 5 kabla, maana sikio na mkono wa fundi navyo vinachukua muda. Tafuta neno hilo la mapema wakati wa mazoezi, lipigie mstari kwa rula hadi ukingoni.

Kumbi nyingi za shule hazina mawasiliano ya masikioni. Tumieni tochi mbili zilizofunikwa karatasi angavu, nyekundu kwa stendibai na kijani kwa nenda. Kama ni moja tu, kuiwasha ni stendibai, kuizima ni nenda. Iwekeni juu kuliko vichwa, kwani wanafunzi wakichangamka husimama na fundi haoni kitu. WhatsApp achaneni nayo kabisa. Ujumbe unaochelewa sekunde 3 ni kyu iliyoharibika, na simu ya fundi inaweza kuita katikati ya kifo cha shujaa.

4. Mvua ya alasiri kwenye mabati yasiyo na dari. Kubalianeni na mwelekezi mapema ni nani anayesimamisha mchezo, na iwe wewe. Safu ya nyuma isiposikia, simamisha. Waigizaji wakishindana na mabati watakuwa wamekauka sauti kabla ya shule ya pili. Andika mstari mlioachia na nani alisimama wapi. Stima ikipotea, kwanza tochi ziwaelekee walio karibu na ukingo wa jukwaa, ndipo mzime amplifaya na meza ya taa zisipigwe na umeme unaporudi kwa nguvu. Ikirudi, washeni meza kwanza na amplifaya mwisho. Rudieni mwanzo wa onyesho dogo au wa usemi, hadhira ishike uzi tena.

5. Meza ya vifaa: chora mpaka wa kila kifaa kwa utepe, uandike jina. Nafasi tupu itakwambia panga halipo kabla mwigizaji hajaingia mikono mitupu.

6. “Nusu saa” hutangazwa dakika 35 kabla ya mchezo, kwa sababu wanaoanza jukwaani wanaitwa mahali pao zikisalia 5. Kila anayesikia ajibu. Wasiojibu wahesabu, uwatafute.

7. Ripoti iandikwe siku hiyo hiyo, kabla ya kupanda matatu: saa ya kuanza, muda wa kila tendo, kyu zilizokosewa, kilichovunjika na nani atakitengeneza. Andika “Taa 22 ilichelewa sekunde 4.” Usiandike “fundi alilala,” kwa sababu fundi ataisoma na kesho unamhitaji. Nakala za ripoti hizo zihifadhini pamoja na kitabu safi. Siku mtakapoomba kazi Nakuru Players Theatre, au kwa kikundi kinachotumia ukumbi wa Mama Grace Onyango kule Kisumu, nendeni navyo vyote viwili, na mmruhusu mwelekezi avifungue ukurasa wowote anaotaka.