Kabla Hujalipia Ukumbi wa Harusi, Nenda Ukautazame kwa Saa Ile Ile

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa binti wa Nachingwea anayetarajia kufunga ndoa Jumamosi ya tarehe 24 Oktoba 2026 mjini Lindi. Ameshatembelea sehemu mbili, moja ikiwa ukumbi wa ndani katikati ya mji na nyingine bustani iliyo kando ya bahari, na amenitumia picha za zote mbili akiniuliza: "Dada, wewe ungechukua ipi?" Nilizitazama picha zile kwa muda mrefu, kwa sababu bustani ile inafanana mno na mahali nilipofanyia walima yangu hapa Mtwara mwaka jana, na sijawahi kuandika kwa ukamilifu yaliyonipata siku ile.

Sisi tulianza kutafuta ukumbi mwezi Machi 2025, kamati ya harusi ilipokwisha kuundwa na michango kuanza kuingia. Tulizunguka watu watatu: mimi, mchumba wangu na shangazi yangu, ambaye amesimamia harusi nyingi kuliko ninavyoweza kuzihesabu. Tulitazama sehemu nne. Ukumbi wa kwanza, upande wa Ligula, niliukataa kwa sababu ya rangi ya kuta zake. Wa pili niliukataa kwa sababu viti vyake vilikuwa vya plastiki, ingawa shangazi alinikumbusha kwamba kiti cha plastiki kikivishwa kitambaa hakuna mgeni anayekitambua. Sehemu ya tatu ilikuwa Mikindani, na huko nilipapenda kwa dhati, lakini mji ule wa kale una barabara nyembamba na sikuona basi la wageni kutoka Newala litageuzia wapi. Hiyo ndiyo sababu pekee ya maana niliyoitoa katika mzunguko ule wote. Nyingine zote zilikuwa sababu za macho, na macho yalinigharimu.

Sehemu ya nne tuliifikia siku ya Muungano, tarehe 26 Aprili, yapata saa nne asubuhi. Ilikuwa bustani ya ufukweni yenye minazi michache, nyasi zilizokatwa vizuri, na mbele yake mchanga uliotandazwa hadi mbali kabisa. Bahari ilikuwa imerudi nyuma kiasi kwamba akina mama walikuwa wakitembea juu ya miamba wakitafuta pweza, na sauti zao zilitufikia kwa shida. Upepo haukuwepo kabisa, kwa maana kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ilikuwa imekwisha na kusi, upepo wa kutoka kusini, ilikuwa haijashika. Msimamizi alituonyesha kwa mkono mahali ambapo meza kuu ingekaa, pale pale kwenye mchanga, ili maharusi wapigwe picha bahari ikiwa nyuma yao. Shangazi alisema maneno machache tu: "Mwanangu, hii ni bahari, si ukuta." Mimi nilidhani anazungumzia gharama. Tulilipa malipo ya awali siku hiyo hiyo, na tarehe tuliyoichagua ilikuwa Jumamosi ya tarehe 9 Agosti, siku moja baada ya Nane Nane, kwa sababu wageni wangekuwa na mapumziko na kwa sababu mwezi ungekuwa mpevu. Nilijivunia sana kuufikiria ule mwezi.

Kila aliyekulia pwani ameshajua hadithi hii inakwenda wapi. Mimi nimezaliwa na kukulia Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji ni jambo la kutafutwa na wala si la kukimbiwa, na hakuna aliyewahi kunieleza habari za bamvua. Mwezi unapoandama na unapofikia siku yake ya kumi na tano, bahari hujaa sana na hupwa sana, na katika pwani yetu siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne. Siku ya Muungano mwezi ulikuwa unakaribia kuandama, nasi tulifika saa nne, yaani tulifika katika saa ambayo bahari huwa mbali kuliko saa nyingine yoyote. Harusi yetu iliangukia mwezi mpevu, na kadi zetu ziliwaalika wageni saa kumi jioni.

Ndoa ilifungwa msikitini baada ya adhuhuri kwa utulivu mkubwa, na hilo namshukuru Mwenyezi Mungu. Tulipofika bustanini saa kumi kasoro, kusi ilikuwa ikivuma tangu asubuhi na tao la maua lilikuwa limeshaangushwa mara mbili, hivyo mpambaji alikuwa amelifunga kwa kamba ya katani kwenye mnazi. Maji yalikuwa kama hatua kumi kutoka meza kuu. Hakuna aliyesema neno. Nakumbuka nikiutazama upindo wa kitambaa cheupe cha meza ya keki: mwanzoni ulikuwa ukipepea, kisha ukawa umelowa, kisha ukaacha kupepea. Kiti cha bibi yangu kilizama miguu ya mbele kwenye mchanga, naye akawa ameinama kama mtu anayesujudu, akiwa ameshikilia kandambili zake mkononi. Wajomba zangu wawili walimwinua na kiti chake wakampandisha hadi kwenye maegesho ya magari, na wageni wote wakafuata na sahani zao. Wazee waliotaka kuswali alasiri hawakupata mahali pakavu wala maji ya kutawadhia, kwa sababu bomba la bustani lilikuwa moja na wapishi walikuwa wamelikalia.

Jambo ambalo bado linaniuma ni mjomba. Kwetu sisi Wamakonde mjomba ndiye mwenye kauli katika ndoa ya mpwa wake, na mjomba wangu mkubwa alikuwa ameandaa mawaidha yake kwa muda mrefu. Aliyasema pale kwenye maegesho, kati ya magari mawili, huku kipaza sauti kikivuma kwa upepo. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake na sikusikia zaidi ya jina langu. Katika video anaonekana midomo ikicheza, na kinachosikika ni kusi tu. Nilimwendea Newala baadaye nikamwomba ayarudie, akaniambia kwa upole kwamba maneno yale yalikuwa ya siku ile.

Ndiyo maana nawaambia ninyi mnaotafuta kumbi sasa, na nawaambia kwa msisitizo: msitembelee ukumbi, itembeleeni saa ya harusi yenu ndani ya ukumbi huo. Kama sherehe ni ya usiku, nenda usiku. Kama ni ya jioni, nenda jioni, na ujue kwamba huku kwetu mwezi Agosti jua huzama saa kumi na mbili na robo hivi, zaidi ya nusu saa kabla ya kuzama Mwanza, kwa hiyo mpiga picha anayetoka bara atawaambia mna muda ambao kwa kweli hamna. Kama ni ya ufukweni, muulize mvuvi kabla ya kumuuliza msimamizi, kwa sababu mvuvi hana kitu cha kukuuzia.

Mdogo wangu alipoolewa Desemba iliyopita nilikataa kuiachia kamati kazi hiyo, nikaifanya mwenyewe, na nasema bila kuficha kwamba niliifanya vizuri. Tulikuwa katika msimu wa korosho, wakati ambao minada imeshaanza, fedha zipo mikononi na kumbi hugombewa, kwa hiyo tulianza kutafuta mapema. Niliutembelea ukumbi tuliouchagua mara tatu. Mara ya kwanza nilikwenda na kamba ya kupimia. Msimamizi alikuwa ameniambia unaingiza watu mia tatu, nami nikapima nikapata mita 20 kwa 15. Meza ya duara ya watu kumi pamoja na viti vyake na njia ya wahudumu hutaka kama mita tatu kwa tatu, kwa hiyo mia tatu huingia endapo tu hakuna meza kuu, hakuna muziki, hakuna meza ya chakula na hakuna atakayecheza. Tulialika mia mbili, na kila mtu alikaa.

Mara ya pili nilikwenda usiku kukiwa na sherehe ya watu wengine, baada ya kuwaomba ruhusa, nikasimama mlango wa nyuma. Pale ndipo nilipojua jenereta liko upande gani, linachukua muda gani kuwaka umeme ukikatika, na kwamba mafuta yake hayamo katika bei ya ukumbi. Niliingia pia vyooni saa tano usiku, si saa tano asubuhi, kwani vyoo vyote ni visafi asubuhi.

Mara ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi. Nilingoja mvua. Ilipoanza kunyesha kubwa, mwanzoni mwa Desemba, nilichukua bodaboda nikiwa nimejifunika kanga, nikaingia ukumbini na kumwomba mlinzi asimame jukwaani aniambie chochote. Ukumbi mwingine niliokuwa nimeuweka akiba una bati tupu lisilo na dari, na katika mvua kama ile hata mshehereshaji mwenye sauti kubwa angeonekana bubu. Huu wetu una dari. Mlinzi alinisalimia kutoka jukwaani, nami nikamwitikia kutoka mlangoni bila kupaza sauti. Siku ya harusi mvua ilinyesha wakati mjomba akizungumza, na kila neno lake lilisikika.

Kuhusu fedha sina mengi. Dai risiti ya malipo ya awali na mkataba ulioandikwa, na ndani yake mkubaliane mapema itakuwaje mkilazimika kuahirisha. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam ilikatika mkoani Lindi, na mwenye wageni njiani hakuwa na la kufanya ila kusogeza tarehe.

Sasa nikurudie wewe, mdogo wangu wa Nachingwea. Tarehe 24 Oktoba mwezi utakuwa umebakiza siku mbili kuwa mpevu, na maji yatakuwa yakijaa karibu na saa tisa alasiri. Picha ulizonitumia zimepigwa asubuhi, naona vivuli vya minazi vilivyolala kuelekea bara. Usilipe bado. Jumamosi ya tarehe 29 Agosti itakuwa siku moja baada ya mwezi mpevu, na kusi itakuwa bado inavuma. Panda basi uende Lindi na mjomba wako, mfike bustanini saa tisa na nusu, umsimamishe mjomba pale msimamizi anapotaka kuweka meza kuu, nawe ukasimame mahali ambapo wageni wa mwisho watakaa. Mwombe aseme jambo lolote kwa sauti yake ya kawaida. Kaeni hapo hadi saa kumi na moja, kisha unipigie.