Kuhusu kununua jina lako la kwanza la domeini

Ndugu yangu, umeuliza kama ni busara kununua majina kumi ya domeini, yaani anwani za tovuti, kwa mkupuo ili uyauze baadaye. Mimi ningeanza na moja tu, nikalijengea tovuti, kwa sababu jina tupu hudai ada kila mwaka na mnunuzi wake anaweza asitokee kabisa.

Fahamu kwanza kwamba jina hulimiliki moja kwa moja. Unalikodi kupitia msajili, yaani kampuni inayokuandikishia jina, na kwa jina linaloishia na .com huwezi kulilipia zaidi ya miaka 10 kwa wakati mmoja. Kwa biashara ya hapa nyumbani Tanzania, .co.tz inatosha. Chagua jina ambalo mtu akitajiwa kwenye simu ataliandika bila kuuliza tena: “mitumbabora” linapita, lakini “mi2mba-bora” litakutesa. Usiguse alama za biashara za watu, maana tangu 1999 ICANN, shirika linaloratibu majina ya domeini duniani, ina utaratibu unaomwezesha mwenye alama kukunyang’anya jina la .com ulilolisajili kwa nia mbaya.

Hakikisha pia akaunti ya msajili inatumia barua pepe yako mwenyewe. Fundi aliyenitengenezea tovuti aliweka ya kwake, kisha akahama na kubadilisha namba ya simu. Muda wa jina ulipokwisha sikupata taarifa yoyote, na nilipokuja kushtuka lilikuwa limeshachukuliwa na mtu mwingine.